Jiwe halina kosa, gundi ndiyo: maswali yenu kuhusu kaunta za kwatsi

Barua nyingi za safari hii zimetoka jikoni, na karibu zote zinauliza kuhusu kaunta za kwatsi, yale mabamba ambayo dukani huandikwa quartz. Kabla ya kuzijibu tuseme jambo moja ili tusilirudie kila mara. Kaunta hizo si jiwe lililokatwa mlimani. Ni kwatsi iliyosagwa, ikachanganywa na gundi ya poliesta na rangi, ikashindiliwa kwa mtetemo katika chumba kilichofyonzwa hewa, kisha ikatiwa kwenye tanuri la nyuzi 80 hadi 90 hivi mpaka gundi ikakauka. Ufundi huo uliasisiwa na kampuni ya Breton ya Italia katika miaka ya 1970. Kwa uzito, kwatsi ni asilimia 90 au zaidi kidogo. Lakini gundi ni nyepesi kuliko jiwe, kwa hiyo ukipima kwa ujazo utakuta inachukua karibu sehemu moja kati ya sita. Sehemu hiyo moja ndiyo inayowafanya mtuandikie.

Nilitoa sinia la kuku kwenye oveni nikaliweka juu ya kaunta, dakika mbili tatu tu. Limeacha alama ya kahawia ambayo haitoki kwa sabuni wala kwa siki. Muuzaji aliniambia kaunta hii haiungui. Amenidanganya? — Mama Y., Mbezi Beach, Dar es Salaam

Amekwambia nusu ya kweli, Mama Y. Kwatsi yenyewe haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,600. Gundi ndiyo isiyostahimili: watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na nyuzi 150, na wengine huweka chini ya hapo. Sinia lako lilitoka kwenye oveni ya nyuzi 200 au zaidi. Sufuria ya maji yanayochemka ina nyuzi 100 na kwa kawaida haiachi alama. Karai la mafuta ya kukaangia lina 180. Chuma cha chapati kilichokaa mtupu juu ya moto hupita hapo kwa urahisi, kwa sababu hakina maji wala mafuta ya kukipoza.

Joto hudhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo yako: gundi inaungua, inageuka njano, kisha kahawia. Ya pili ni ufa. Mahali palipopata moto panatanuka huku pembeni kukiwa bado kwa baridi, na bamba likishindwa kuvumilia mvutano huo linapasuka, mara nyingine kwa mlio unaosikika hadi sebuleni. Ufa huja zaidi karibu na sinki na karibu na tundu la jiko, kwa kuwa hapo kipande cha bamba kilichobaki ni chembamba.

Jaribu kwanza kujua kama ni kuungua kweli au ni mafuta yaliyogandia. Pitisha kucha. Ukihisi kitu kimeinuka, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki. Ukikuta pako laini kama sehemu nyingine, basi rangi imebadilika ndani ya gundi, na hakuna dawa ya kusafishia itakayoiondoa. Fundi wa mawe mwenye pedi za almasi anaweza kupunguza tabaka la juu kwa kutumia maji, lakini mng'ao wa hapo ni nadra ufanane na wa kando. Alama ikiwa ndogo, ni afadhali kuishi nayo kuliko kubaki na duara lililofifia lenye upana wa sahani.

Kwa siku zijazo, rudisheni kata, ile ya kukalishia chungu. Kata ya ukindu, ubao mnene au kipande cha kigae chenye miguu ya mpira vyote vinafaa, maadamu hewa inapita chini ya chombo. Kitambaa kilichokunjwa hakitoshi kwa chombo cha oveni. Jiko la wali la umeme na kikaangio cha hewa navyo viwekewe ubao, kwa sababu hukaa saa nzima vikitoa joto mahali pamoja. Na jiko la mkaa lisipande kaunta kabisa, hata likiwa limewekewa ubao, hata mvua ikinyesha nje.

Bizari ya manjano ilimwagika Jumamosi nikaiona Jumapili, na kaunta yangu ni nyeupe. Nimesugua kwa Vim na waya wa chuma. Doa limefifia ila sasa pale pamekuwa na ukungu. Niloweke Jik usiku kucha? — Bi. R., Tanga

Usiloweke, Bi. R. Sasa una matatizo mawili, na hilo la ukungu ndilo gumu zaidi.

Tuanze na doa. Rangi ya bizari haiyeyuki kwenye maji, ndiyo maana sabuni inaizungusha tu. Inayeyuka kwenye spiriti. Nunua duka la dawa spiriti isiyo na rangi. Ile ya kuwashia yenye rangi itakuletea doa jingine. Lowesha kipande cha pamba, kiweke juu ya doa dakika tano, futa kuelekea katikati ili usilitandaze, badilisha pamba, rudia mara tatu au nne. Kisha osha kwa maji ya sabuni na ukaushe. Likibaki kivuli, changanya vijiko vitatu vya bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, na kijiko kimoja cha maji, paka, acha dakika kumi na tano, halafu futa kwa upande laini wa sponji. Usishtuke bizari ikigeuka nyekundu. Ndivyo inavyofanya ikikutana na alkali, na wekundu huo huondoka na maji. Ila usichanganye bikaboneti na magadi. Magadi ni makali zaidi, na gundi haipendi alkali kali.

Jik ukiipitisha haraka na kuisuuza haina neno. Ikikaa usiku kucha inakula gundi na kupausha rangi iliyomo ndani yake, na hapo utakuwa umehama kutoka doa la njano kwenda baka jeupe lisilorudi. Usiichanganye na siki wala na spiriti kamwe: ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Ukungu ni mikwaruzo. Waya wa chuma na unga wa kusugulia haukukwaruza punje za kwatsi, kwa sababu kwatsi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs na chuma cha kawaida kiko chini yake. Ulichokwaruza ni gundi iliyo kati ya punje. Mwanga ukipiga pale unatawanyika badala ya kurudi sawasawa, na jicho linaona ukungu. Mafuta ya kupikia au nta ya gari vitauficha kwa siku chache kisha vitashika vumbi. Anayeweza kuurekebisha ni fundi mwenye mashine ya mwendo mdogo na pedi laini za maji, tena ajaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Na kwa kuwa uko pwani: piko na hina ni wabaya kuliko bizari. Wiki ya harusi tandazeni plastiki juu ya kaunta kabla bibi harusi hajaketi. Tone likidondoka, spiriti papo hapo. Likilala hadi asubuhi, ahadi yetu inaishia hapo.

Fundi anataka kupaka dawa ya kuziba vitundu kila mwaka, na bei yake si ndogo. Ni lazima? — Msomaji, Arusha

Kwa graniti, ndiyo, kila maji yanapoanza kuingia. Kwa kwatsi, hapana. Graniti ina vitundu vya asili. Mwagia matone ya maji, subiri dakika kumi na tano, na pakiwa peusi ujue imekunywa na inahitaji dawa. Katika kwatsi vitundu hivyo vimekwisha kujazwa gundi, kwa hiyo dawa haina pa kuingia. Hubaki juu, ikakauka kwa mistari na kushika alama za vidole. Mwambie fundi ahsante.

Matunzo yenyewe hayana gharama: matone machache ya sabuni ya vyombo katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, suuza, kausha. Kukausha ndiko watu wanakokuruka, na wanaotumia maji ya kisima ndio wanaoumia, kwa sababu maji yakikauka yenyewe huacha chokaa nyuma ya bomba. Chokaa ikishika, changanya siki na maji kiasi sawa, pakaza dakika tano, kwangua kwa kadi ya plastiki, suuza. Kaunta nyeusi huonyesha kila tone na kila kidole, kwa hiyo anayechukia kufuta achague ya rangi mchanganyiko.

Ufa umetokea kwenye kona ya tundu la jiko la gesi la kujengea, miezi minane baada ya kufungwa. Fundi anasema ni kosa letu, tumeweka sufuria nzito. Nani alipe? — J. M., Ongata Rongai

Ndugu J. M., kabla ya kujadili sufuria, toa droo iliyo chini ya jiko, ingiza kichwa na tochi, uangalie kona ya tundu kwa upande wa chini. Hapo ndipo jibu lilipo.

Kona ya ndani inatakiwa iwe ya mviringo, yenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 5, na 10 ni bora. Fundi makini hutoboa kwanza shimo la duara kwenye kila kona, kisha hukata kutoka shimo hadi shimo. Fundi mwenye haraka hukata kwa grenda mistari minne inayokutana. Kwa kuwa kisahani cha grenda ni duara, ili kimalize kukata upande wa chini inabidi kipitilize kona upande wa juu, na alama ya kupitiliza hufichwa na ukingo wa jiko. Ufa huanzia hapohapo, kama kitambaa kinavyochanikia palipokatwa kwa mkasi. Ukiona kona kali au mkato uliopitiliza, piga picha ukiwa umeweka rula. Sufuria haina kesi.

Kona zikiwa za mviringo, endelea kutafuta. Angalia upana wa kipande kilichobaki mbele na nyuma ya tundu. Chini ya sentimita 5 ni hatari, na kipande hicho kilihitaji kushikiliwa na ubao au chuma chini yake. Kisha chukua uzi, uvute juu ya kabati kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kabati likiachana na uzi kwa zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 3, bamba limekuwa likining'inia juu ya pengo tangu siku ya kwanza. Kumbuka uzito wenyewe: kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60, yenye unene wa milimita 20, ina kilo 88 hivi, ya milimita 30 ina kilo 132. Mzigo huo ukilalia vipembe viwili vya kabati, hauhitaji sufuria yako ili upasuke. Mwisho, tazama kama mwili wa jiko umegusa kingo za tundu. Panatakiwa nafasi ya milimita chache pande zote ili joto lisipite moja kwa moja kwenye bamba, na ukutani vilevile bamba liachiwe milimita 3 za kutanukia, zizibwe kwa silikoni, si kwa saruji.

Kosa la nyumbani lipo pia, tusilifiche. Kupanda juu ya kaunta kubadilisha taa, kuketi mbele ya jiko ukipiga soga, kuweka kikaango cha moto nusu juu ya jiko nusu juu ya jiwe, vyote hupasua.

Kwa sasa usitumie vichomeo viwili vilivyo upande wa ufa. Fundi aweke kwanza kishikilio chini, bamba liwe sawa, ndipo amimine epoksi nyepesi ya rangi inayokaribia. Epoksi ikimiminwa kabla ya kishikilio, ufa utarudi kando ya ule wa zamani.

Duka moja bei ni nusu ya jingine, na wote wanasema ni kwatsi halisi. Nitajuaje? — Bw. S., Kisumu

Omba kipande cha masalia ukajaribu nyumbani. Asiyekubali kutoa kipande kidogo kama kiganja amekwisha kukujibu.

Kwaruza upande unaong'aa kwa msumari. Kwatsi itabaki na mstari wa kijivu, ambao ni chuma cha msumari, na utafutika. Mstari ukiwa mtaro, hiyo ni marumaru iliyosagwa na kugandishwa, na inauzwa sana kwa jina la kwatsi. Kamulia ndimu, acha hadi asubuhi. Ikiacha baka lililokufa mng'ao, ni hiyohiyo marumaru, kwa kuwa asidi hula chokaa na haili kwatsi. Sugua kwa asetoni kwenye kitambaa cheupe mara moja tu. Rangi ikitoka, rudisha. Tazama ukingo uliokatwa: punje ziwe zimesambaa juu hadi chini, zisiwe zimezama upande mmoja. Pima unene kwa rula, maana milimita 20 inayoambiwa mara nyingine ni 15 iliyobandikwa ukingo mnene mbele. Halafu ulizia maungio yatakuwa wapi. Yasiwe juu ya sinki wala juu ya mashine ya kuoshea vyombo, kwa ajili ya mvuke.

Nataka kujenga jiko la nje kwenye veranda inayotazama bahari, Nyali. Kwatsi nyeupe itafaa? — Bi. F., Mombasa

Haitafaa, dada. Jua hugeuza gundi ya poliesta kuwa njano, na haigeuzi sawasawa: chini ya chombo kilichokaa muda mrefu panabaki peupe, pembeni panakuwa kama pembe ya ndovu ya zamani. Joto la mchana na ubaridi wa usiku navyo vinavuta bamba. Chukua graniti, ipakwe dawa ya kuziba vitundu, na chini yake kabati la matofali badala ya mbao. Hata ndani, kaunta inayopigwa na jua la alasiri dirishani iwekewe pazia, na vyombo vihamishwe mara kwa mara.

Kaunta inaruhusiwa kuning'inia kiasi gani ili watoto wakae kwa viti? — Msomaji, Kigali

Bamba la unene wa milimita 20: hadi sentimita 20 bila kishikilio. Milimita 30: hadi 30. Magoti ya mtu mzima yanahitaji 30 hivi, kwa hiyo ukinunua bamba la milimita 20 weka vyuma chini, vilivyofungwa kwenye fremu ya kabati kwa skrubu. Kuvigandisha kwa gundi peke yake hakutoshi.

Pembe ya sinki imemeguka kipande kama ukucha. Naweza kuziba mwenyewe? — K., Morogoro

Unaweza. Kipande ukikipata, kihifadhi, kwa sababu hakuna rangi itakayolingana kama yenyewe. Safisha pengo kwa spiriti, likauke. Bandika utepe wa karatasi kuzunguka. Kipande kikiwepo, kirudishe kwa tone la epoksi isiyo na rangi na ukishikilie kwa utepe. Kikipotea, changanya epoksi na rangi kidogokidogo, ukijaribu kwenye karatasi nyeupe, kisha jaza hadi ipite usawa wa kaunta kidogo tu, maana husinyaa. Acha saa 24. Punguza ziada kwa wembe mpya uliolazwa bapa, ukivuta taratibu. Usitumie msasa, utakwaruza gundi ya pembeni na kupata ukungu wa Bi. R. Pembe za sinki humeguka kwa sababu zimechongwa kali. Ukiagiza kaunta nyingine, omba ukingo wa mviringo.

Fundi anakuja kukatia mabamba nyumbani kwetu, uani. Nina mtoto mchanga. Vumbi lake lina madhara? — Mama A., Nakuru

Lina madhara makubwa, Mama A., kwa mtoto, kwako, na zaidi ya wote kwa fundi. Vumbi la kwatsi ni silika. Chembe zake ndogo hazionekani kwa macho, zinafika chini kabisa ya mapafu, na huko huacha makovu yasiyotibika. Ugonjwa huitwa silikosisi. Graniti nayo ina silika, lakini kwa kawaida haifiki nusu ya jiwe, wakati bamba la kwatsi linaweza kupita asilimia 90. Australia ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mabamba haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana wengi wa kazi hiyo kuugua. Kaunta iliyokwisha kufungwa haitoi vumbi na unaweza kukandia unga juu yake bila wasiwasi. Hatari iko kwenye kukata, kutoboa na kung'arisha.

Kwa hiyo kataa kazi ya uani. Fundi aje na mbao nyembamba au karatasi ngumu, achukue umbo la kaunta, aende akakatie karakana yenye mashine za maji. Kinachoweza kubaki kufanyiwa nyumbani ni tundu la bomba, ambalo kwa kawaida ni la milimita 35. Hilo atoboe kwa kekee ya almasi huku msaidizi akimwagia maji bila kukatiza, tope likikingwa kwa pete ya udongo wa mfinyanzi na kufutwa likiwa bado bichi. Grenda kavu isiwashwe, hata kwa "sentimita moja tu". Barakoa ya kitambaa wala ya hospitali haizuii silika. Anahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya vumbi, inayobana uso, na ndevu huiachia mwanya.

Siku hiyo mtoto ashinde kwa jirani. Wakimaliza, msifagie. Futeni sakafu, rafu na juu ya friji kwa kitambaa chenye maji, mkisuuze mara kwa mara, na mapazia yafuliwe kabla mtoto hajarudi.